Je, Wajua? Hofu ya watu hutibiwa kati ya watu

Je, wajua kwamba mtu anayetetemeka akiombwa tu kujitambulisha hadharani anaweza kutibiwa kwa kuketishwa pamoja na wengine wenye hofu ileile? Ndiyo tiba ya kikundi. Kila mmoja hufanya mbele ya wenzake jambo analolikimbia, kisha hulinganisha aibu aliyoitarajia na yaliyotokea kweli.

Burundi ina jambo la karibu na hilo, nalo linastahili kujulikana zaidi. Mwaka 2003 Wakweka (Wakristo wa Kanisa la Marafiki) wa Rwanda na Burundi walianzisha semina za siku 3 ziitwazo HROC (Healing and Rebuilding Our Communities) kuponya majeraha ya vita. Huko Mutaho, Gitega, Wahutu na Watutsi walioogopana tangu mauaji ya 1993 waliketi chumba kimoja. Kwa kawaida huwa watu 20, nusu kwa nusu. Katika zoezi moja mtu hufungwa macho kwa kitambaa na kuongozwa na mwenzake, kisha hubadilishana. Semina hizo hazikubuniwa kwa ajili ya hofu ya hadhara, lakini njia ni ileile: kumkaribia unayemwogopa, hatua kwa hatua.

Nchini Uganda, mwaka 2002, vikundi vya tiba vya wenye sonona huko Masaka na Rakai vilikutana dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, na sonona ikapungua sana. Walioviongoza hawakuwa madaktari, bali wenyeji waliopewa mafunzo. Kwa watu wa Muyinga, kaskazini-mashariki mwa Burundi, walio mbali na mabingwa wa jijini, hiyo ni habari njema kweli.