Mehta au Joginder?

Jumapili hapa Woolwich ubishi ulizuka: nani dereva bora wa Safari Rally? Ukihesabu ushindi tu, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, kamaliza kazi: mara 5 (1973, halafu mfululizo 1979 hadi 1982). Joginder Singh ana 3 tu.

Lakini ngoja kidogo, ndugu zangu. Joginder aliingia mara 22, akamaliza 19, yaani asilimia 86. Pima na wenzake: mwaka 1968 yaliondoka magari 93, yakafika 7, matope yalikuwa si mchezo! Na 1973 Mehta alilingana pointi za adhabu na Harry Källström, ikabidi kitafutwe kigezo kingine. Adhabu moja zaidi, angebaki na 4. Mimi injinia, namchukua Joginder.