Kumbe Hata Nyasi Ina Cheti!

Wenzangu wa kidato cha tatu mnaosinzia mwalimu wa kilimo anapotaja malisho, naomba dakika zenu chache. Najua mtanicheka. Mtasema nyasi ni nyasi tu, ng'ombe anakula, basi. Hata mimi nilidhani hivyo mpaka nepia yetu ilipougua.

Kwetu Bungoma nepia ndiyo tegemeo la kila mwenye ng'ombe mmoja au wawili. Yetu ilianza kwa kugeuka manjano. Kila tulipoikata ilichipuka fupi zaidi, majani membamba kama ya kitunguu, na hatimaye shina zima likafa. Ugonjwa huo wa kudumaa huletwa na kijidudu kiitwacho fitoplasma, ambacho hubebwa na mdudu mdogo anayefyonza majani. Lakini wabebaji wengine ni sisi wenyewe. Nepia hupandwa kwa vipande, kwa hivyo jirani anapokugawia vipande kwa wema wake, huenda amekugawia na ugonjwa.

Maziwa yakapungua, na maziwa ndiyo karo yangu. Mama akaamua kutafuta nyasi inayopandwa kwa mbegu. Akanunua sokoni mbegu iliyopimwa kwa kikombe, akaambiwa ni Boma Rhodes. Ilipoota, nusu yake ilikuwa magugu! Basi nikamwendea mwalimu wetu wa kilimo nikamwuliza: ni nani hasa mwenye mamlaka ya kusema mbegu hii ni Boma Rhodes na ile siyo? Jibu lake lilikuwa refu, nami nikaendelea kusoma mpaka nikajikuta Kolombia.

Tuanze na shida yenyewe. Kuzalisha aina mpya ya nyasi ni kazi ngumu kuliko ya mahindi, kwa sababu moja ambayo sikuwa nimeifikiria kamwe. Katika mahindi, kile tunachokula ndicho tunachopanda. Ukipata aina inayozaa punje nyingi, mlaji anafurahi na mwuza mbegu anafurahi. Nyasi sivyo. Ng'ombe anataka majani mabichi na laini, na nyasi ikishatoa maua shina huwa gumu na lishe yake hupungua. Mwuza mbegu naye anataka maua mengi, tena yatoke kwa wakati mmoja. Ndiyo kusema ng'ombe na mwuza mbegu wanavutana kamba, na mtafiti yuko katikati. Juu ya hayo, mbegu za nyasi haziivi pamoja. Zile za kwanza hupukutika chini wakati nyingine bado ni changa. Ajabu ni kwamba Kampuni ya Mbegu ya Kenya, ile tunayoijua kwa mahindi, ilianzishwa kule Kitale mwaka 1956 ili kutoa mbegu za malisho.

Nyasi aina ya Rhodes huchavushwa kwa upepo. Mama ni mmoja lakini baba ni upepo uliopita! Kwa hivyo shamba la Rhodes ni kama darasa letu, sote tumevaa sare lakini hakuna wawili waliofanana sawasawa. Mtafiti huchagua mashina mazuri, huyaacha yachavushane yenyewe kwa yenyewe, huchagua tena, na hivyo hivyo mwaka baada ya mwaka.

Sasa kuna nyasi nyingine, brakiaria, ambayo asili yake ni huku kwetu Afrika. Moja hutoka bonde la mto Ruzizi, baina ya Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika, ndiyo maana jina lake la kisayansi ni ruziziensis. Nyingine, decumbens, mbegu yake ilichukuliwa Uganda mwaka 1930 ikapelekwa Australia, ambako ilipewa jina Basilisk. Kutoka huko ikafika Brazili, ikafunika nyanda kubwa ajabu. Mwaka 1984 na 1985 watafiti walipita Kenya, Tanzania, Ethiopia, Rwanda, Burundi na Zimbabwe wakikusanya mamia ya brakiaria za mwituni, na nyingi zikaishia kwenye hifadhi ya mbegu ya kituo cha CIAT nchini Kolombia.

Kwa nini walihitaji zote hizo? Kwa sababu ya mdudu mmoja. Huko Amerika ya Kusini kuna mdudu ambaye watoto wake hujificha ndani ya povu kama mate wakifyonza nyasi, na Basilisk haikumweza hata kidogo. Dawa mojawapo ilikuwa kuichanganya na ndugu zake. Hapo wakagonga ukuta.

Katika brakiaria nyingi kiinitete cha mbegu hukua bila mchango wa baba. Jambo hili huitwa apomiksisi. Mtoto ni mama yule yule, hana tofauti hata ya unywele. Je, utamchanganyaje mama asiyekubali baba? Chavua yake ni nzima, kwa hivyo anaweza kuwa baba, lakini nani atakuwa mama? Ile ya Ruzizi hukubali kuchavushwa, ila ina kromosomu 18, ilhali wenzake wana 36. Hesabu haiingiani. Wanasayansi wa Ubelgiji ndio waliofungua mlango, kwa kuitia nyasi ya Ruzizi dawa iitwayo kolkisini, ambayo huongeza kromosomu maradufu. 18 zikawa 36, na mama akapatikana.

Hapo mtafiti John Miles na wenzake kule CIAT wakaanza kazi. Mwaka 1988 walipata uzao ambao baadaye uliitwa Mulato, neno la Kispania lenye maana ya chotara. Kwa bahati mbaya Mulato ilikuwa na majani mazuri lakini mbegu chache. (Ile kamba ya ng'ombe na mwuza mbegu, mnaikumbuka?) Uzao mwingine ulioanza mwaka 1989 ulipitia vizazi vitatu vya kuchanganya na kuchujwa, na mwaka 2005 ukatolewa kwa jina Mulato II. Hesabu mwenyewe: miaka 16, umri wangu mimi! Jambo la kupendeza ni kwamba ule ukuta wa apomiksisi uligeuka kuwa faida. Chotara akirithi tabia hiyo kwa baba, kila mbegu yake ni yeye mwenyewe. Chotara wa mahindi ukipanda mbegu zake mwaka wa pili unapata mchanganyiko, lakini huyu habadiliki.

Twende sasa kwenye cheti. Hapa Kenya kazi hiyo ni ya KEPHIS, shirika lililoundwa mwaka 1996. Anayeleta aina mpya huulizwa maswali matatu. Je, ina upekee, yaani inatofautiana na zote zinazojulikana? Je, ina usawa, mashina yake yanafanana? Je, ina uthabiti, ukiipanda tena inabaki vile vile? Hawachukui jibu la mdomo. Huipanda kando ya aina nyingine, kwa kawaida misimu miwili, wakipima urefu, upana wa jani, rangi na siku za kutoa maua. Kwa Rhodes swali la usawa hulegezwa, maana wanajua habari za upepo, na hulinganishwa na Rhodes nyingine. Kisha kuna jaribio la pili: je, inamfaa mkulima kuliko zilizopo? Hapo hupimwa uzito wa majani makavu na lishe yake.

Wengi huchanganya vyeti viwili. Kimoja huruhusu mbegu iuzwe, na kingine humpa mzalishaji haki ya umiliki. Nyasi inaweza kuwa na cha kwanza bila ya cha pili. Kwa haki hiyo ya pili, Kenya iliingia katika umoja wa kimataifa uitwao UPOV mwaka 1999.

Je, mmeona safari hiyo? Nyasi ilitoka Ruzizi na Uganda kwa bure, ikarudi kwetu ndani ya pakiti yenye jina la Kispania na bei kali. Nilipomweleza mama akasema, "Yaani wajukuu wetu wanatuuzia uji tuliowapikia?" Mwalimu alimjibu kwamba miaka yote ile ya kazi nayo ina gharama yake. Mimi naona wote wawili wana haki, ila mama ana haki zaidi kidogo.

Na mambo hayakuishia kwenye cheti. Watafiti wa ICIPE, Mbita, waliipanda Mulato II kuzunguka mahindi ili kuwavuta nondo wa viwavi vya mashina, nayo ikavumilia kiangazi vizuri. Kisha utitiri mwekundu ukaivamia huku magharibi mwa Kenya, mdudu ambaye hakuwa katika hesabu za wale waliohangaika na mdudu wa povu. Ikabidi watafiti waanze tena kuzipanga brakiaria mstari kwa mstari, wakitafuta ile ambayo utitiri hauipendi.

Mama amepanda mistari mitatu ya Mulato II kando ya choo. Kila Jumamosi nageuza majani kutazama upande wa chini.