Je, Wajua? Farasi Mwitu Hatiishwi kwa Mabavu

Je, wajua kwamba farasi huona karibu pande zote kwa wakati mmoja, isipokuwa mbele kabisa ya paji lake na nyuma ya mkia? Macho yake yako ubavuni mwa kichwa kwa kuwa ni mnyama wa kuwindwa, na kinga yake ya kwanza ni mbio. Ndiyo maana, katika michezo ya kubuni hadithi za njozi kwa pamoja, shujaa anayemrukia farasi mwitu mgongoni na kumshinda kabla ya jua kutua hanishawishi: kwa farasi, uzito unaomwangukia mgongoni ghafla ni simba. Mwandishi Xenophon wa Ugiriki, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alikwisha kuonya kwamba farasi asishughulikiwe kwa hasira. Mwandishi Plutarch naye asimulia kuwa Alexander Mkuu alimpata farasi wake Bucephalus kwa kutambua kwamba mnyama huyo aliogopa kivuli chake mwenyewe, akamgeuza akabili jua. Macho yalitangulia misuli.

Atasema mtu: hii ni njozi, majoka yanaruka, farasi abanwe kwa nini? Kwa sababu joka hatujaliona, farasi tunamjua. Akiaminika huyu, na joka humezeka. Wengine watahofia kwamba siku za kumzoesha kamba, hatamu na tandiko zitawachosha wachezaji. Hazihitaji kusimuliwa zote. Zaidi ya hayo, ugumu wa kumzoesha farasi humpa kila mchezaji kazi: huyu ashike kamba, yule alete nyasi, wa tatu apige chafya wakati mbaya.