Mtakatifu Raimundo na Kitabu cha Sheria

Watu wakaao pamoja hawana budi kuwa na sheria. Pasipo sheria, mwenye nguvu humnyang'anya mnyonge, na mnyonge hana pa kushitakia. Lakini kuwa na sheria peke yake hakutoshi. Sheria zikiwa nyingi mno, tena zimetapakaa huku na huku na kupingana, ni nani atakayezijua zote? Mwenye hila ataitafuta ile impendezayo, naye maskini atashindwa shauri lake. Hivyo ndivyo zilivyokuwa sheria za Kanisa miaka 800 iliyopita, nasi tutasoma habari za mtu aliyepewa kazi ya kuzipanga.

Raimundo alizaliwa yapata mwaka 1175 katika ngome ya Penyafort, si mbali na mji wa Barcelona, katika nchi ya Hispania. Tangu ujana wake alipenda elimu, hata akawa mwalimu mjini Barcelona. Alipopita umri wa miaka 30 akasafiri mpaka Bologna katika Italia, maana chuo cha huko kilisifiwa sana kwa mafundisho ya sheria. Akajifunza, akapata cheo cha udaktari wa sheria, kisha akafundisha yeye mwenyewe.

Baadaye alirudi Barcelona, akapewa cheo katika kanisa kuu. Angaliweza kukaa huko kwa raha na heshima mpaka uzee wake. Lakini mwaka 1222 aliacha yote, akaingia katika shirika la watawa wa Mtakatifu Dominiko. Yasimuliwa ya kuwa aliwaomba wakubwa wake wampe kitubio kikali, kwa sababu zamani alijivunia elimu yake. Wakubwa wakamwagiza aandike kitabu cha kuwasaidia mapadre waungamishi, wapate kujua lililo haki katika mambo magumu ya dhamiri. Hivyo elimu ile aliyoionea kiburi ikawa msaada kwa wengine.

Mwaka 1230 Papa Gregori IX alimwita Roma, akamfanya muungamishi wake. Husemwa kwamba kitubio alichompa Papa kilikuwa hiki: ayasikilize mashauri ya maskini upesi, wala asiwakawize mlangoni. Papa naye akampa Raimundo kazi kubwa.

Hapo yafaa tueleze kidogo. Yapata mwaka 1140 mwalimu mmoja wa Bologna, jina lake Gratiano, alikuwa amekusanya sheria za kale za Kanisa katika kitabu kimoja. Baada yake Mapapa waliendelea kuandika barua za kukata mashauri yaliyoletwa kwao kutoka nchi nyingi, na kila uamuzi ukawa mfano kwa mahakimu wengine. Barua hizo zilikusanywa katika vitabu mbalimbali. Nyingine zilirudia maneno yale yale, nyingine zilipingana, na nyingine zilikuwa ndefu hata maana yake ikafichika. Hakimu mmoja alisoma hiki, mwenziwe alisoma kile, basi shauri la namna moja liliweza kupata hukumu mbili.

Raimundo alifanya kazi hiyo kwa muda wa miaka minne hivi. Aliondoa yaliyorudiwa, akafupisha yaliyo marefu, na palipokuwa na shaka Papa mwenyewe alitoa uamuzi mpya. Mwisho vilipatikana vifungu karibu 2,000, vikapangwa katika sehemu 5. Ya kwanza ni habari za mahakimu na mamlaka yao. Ya pili, jinsi ya kuendesha shauri. Ya tatu, mapadre na watawa. Ya nne, ndoa. Ya tano, makosa na adhabu. Tarehe 5 Septemba 1234 Papa alikitangaza kitabu hicho, akakipeleka kwa vyuo vya Bologna na Paris, akaamuru kitumike hicho katika mafundisho na katika hukumu.

Huenda mtauliza: Kitabu kama hiki chamfaa nini mnyonge? Tazameni mifano miwili katika sehemu ya nne. Imeandikwa humo ya kuwa penye hofu na shuruti hapana ridhaa, na ndoa yataka ridhaa. Basi msichana aliyelazimishwa kwa vitisho alikuwa na sheria ya kumtetea. Tena imeandikwa kwamba watumwa wasikatazwe kuoana, na wakioana bila idhini ya bwana wao, ndoa yao isivunjwe. Utumwa wao haukuondolewa, wala kazi zao kwa bwana hazikukoma. Lakini bwana hakuweza kusema kwa haki ya kuwa ndoa ya mtumwa si kitu. Maneno hayo yalitoka katika barua za Mapapa waliotangulia. Raimundo aliyaweka mahali ambapo kila hakimu aliweza kuyaona.

Baada ya kazi hiyo Papa alitaka kumfanya Askofu Mkuu wa Tarragona. Raimundo hakutaka ukubwa, akaugua, na Papa akamwachilia. Mwaka 1238 watawa wenzake walimchagua kuwa Mkuu wa shirika lote. Akatii, akazitengeneza sheria za shirika, na humo akatia neno hili: Mkuu akiomba kujiuzulu kwa sababu ya haki, akubaliwe. Mwaka 1240 akaomba yeye mwenyewe, wala hawakuweza kumkatalia, kwa kuwa sheria ilikwisha kupitishwa.

Iko hadithi ya kale juu yake pamoja na Mfalme Yakobo I wa Aragon. Walikuwa katika kisiwa cha Mallorca, na mfalme alikaa na mwanamke asiye mkewe. Raimundo alimwonya, na mfalme asiposikia, akataka kuondoka. Mfalme akawakataza manahodha wote wasimchukue. Ndipo Raimundo akatandika joho lake juu ya bahari, akaisimamisha fimbo yake kama mlingoti, akavuka mpaka Barcelona. Hiyo ni hadithi. Lakini yaonyesha jinsi watu walivyomjua: mtu asiyekuwa na sheria moja kwa maskini na nyingine kwa mfalme.

Alifariki Barcelona tarehe 6 Januari 1275, mzee wa miaka karibu 100. Mwaka 1601 Papa Klementi VIII alimtangaza kuwa mtakatifu, na sikukuu yake ni tarehe 7 Januari. Wanasheria wa Kanisa humwomba awe msimamizi wao. Kitabu chake kilitumika mpaka mwaka 1918, zilipoanza kutumika sheria zilizopangwa upya.

Siku moja labda ninyi pia mtaketi kukata mashauri ya watu. Mkumbukeni Raimundo, mkaulize kwanza: Je, sheria hii nimeishika mimi mwenyewe? Na maskini aliye mlangoni, amengoja tangu lini?