Ramani za zamani zaonya wanunuzi wa viwanja Dar

Kabla ya kulipia kiwanja jirani na Bonde la Msimbazi, mnunuzi atazame kwanza ramani za zamani za Dar es Salaam.

Mji ulioanzishwa na Sultani Majid miaka ya 1860 ulikuwa majengo machache kando ya bandari. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5. Mji umepanuka; mto uko pale pale. Mpango wa mji wa 1979 uliliweka bonde hilo kwenye ardhi ya hatari, lakini watu walijenga. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40, na waathirika wakapewa viwanja Mabwepande.

Kiwanja cha bei ya chini kina sababu yake. Mara nyingine sababu hiyo imo ramanini.