Skrini Moja, Kazi Mbili

Katika nyumba nyingi siku hizi kompyuta ni moja. Baba arudipo kutoka zamu huitumia kutengeneza picha za arusi alizolipwa kupiga. Jioni kijana huigeuza uwanja wa michezo. Fedha ya skrini bora ikipatikana, kila mmoja huvuta kwake.

Kijana hutaka ya aina ya OLED, na sababu anayo. Humo kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe, na ikizimwa huwa giza kabisa. Tena hubadilika upesi mno: skrini ya hezi 240 huweza kuonyesha picha mpya mara 240 kwa sekunde, ilhali ya kawaida huonyesha 60. Lakini kompyuta isipomudu kuchora picha nyingi hivyo, fedha hiyo imetupwa.

Baba hana haja ya mbio. Shida yake ni rangi: gauni likiwa jeupe kwenye skrini na kutoka na ubuluu karatasini, mteja harudi. Aidha, programu yake huacha vibao vilevile pembeni kwa saa nyingi, na OLED ikitumiwa hivyo kwa muda mrefu huweza kubaki na alama isiyofutika. Ya IPS, yenye taa nyuma, haina hofu kubwa ya hayo, ingawa weusi wake hufifia gizani.

Kwa nyumba hiyo yafaa IPS ya inchi 27, nukta 3,840 kwa 2,160, hezi 144. Na fedha itakayobaki inunue chombo cha kusawazishia rangi. Kijana atanung'unika, bila shaka. Ada yake ya shule hutoka katika picha hizohizo.