Kolwezi: Kijana gani klabu isimsajili haraka?

Kijana wa Kapata mwenye kipaji cha mpira hutazamia kuchezea AS Simba ya Kolwezi, au TP Mazembe kule Lubumbashi. Lakini kwa klabu inayomtafuta, mabao peke yake hayatoshi.

Wa kwanza wa kuchunguzwa ni yule asiye na uhakika wa umri. Mwishoni mwa 2022, Kamerun ilipima kwa MRI mifupa ya kifundo cha mkono ya wachezaji 30 wa timu yake ya chini ya miaka 17; 21 waliondolewa. Mkubwa akicheza na wadogo huonekana fundi. Akikutana na rika lake, ufundi huo unapungua.

Wa pili ni yule ambaye hati zake zote ziko mikononi mwa wakala. Juni 2021, klabu ya Stuttgart ya Ujerumani ilitangaza kuwa Mkongomani Silas Wamangituka ni Silas Katompa Mvumpa, aliyezaliwa 1998, si 1999. Klabu ilisema alidanganywa na wakala wake wa zamani. Hata hivyo, alifungiwa miezi 3.

Hasara hufika mpaka mtaani. Mchezaji akiuzwa nchi nyingine, FIFA hutaka 5% ya bei igawiwe timu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Jina likibadilishwa, timu ya Kapata itathibitishaje kuwa huyo ni mtoto wake?

Kinga inaanzia kwa wazazi: sheria ya Kongo inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa.